Majibu ya Choo

Watu wa umri wangu wanakikumbuka kiberiti. Ukiumwa tumbo, ukaenda zahanati, ukaambiwa "kesho lete choo," ulirudi nyumbani kutafuta kiberiti kilichoisha njiti. Alfajiri unakwenda kichakani, unachokoa kidogo kwa kijiti, unatia ndani ya kile kisanduku, unakizungushia karatasi ya daftari, unaanza safari. Kwetu Iramba safari hiyo ilikuwa ya saa nzima na zaidi kwa miguu. Mara ya kwanza nilikuwa darasa la tatu. Nilikitia mfukoni mwa kaptula, na njia nzima nilikuwa naomba Mungu nisikutane na mvuta sigara.

Nilikutana naye. Mzee jirani, sigara mdomoni, akaliona lile umbo la kiberiti mfukoni. "Mjukuu wangu, hebu niwashie." Nilitoka mbio bila hata kumwamkia, na jioni baba alinichapa kwa utovu wa adabu. Sikuthubutu kujitetea.

Zahanati ulikabidhi mzigo wako dirishani, ukakaa kwenye benchi, ukasubiri. Baadaye mtu wa maabara akatoa kichwa na kutangaza mbele ya wote: "Safura!" Benchi zima likacheka. Nikapewa vidonge, nikaondoka na aibu yangu. Lakini sasa nikiitazama siku ile naona kulikuwa na haki fulani ndani yake, haki ndogo, ya kimaskini, ila haki. Nilitoa choo, nikapewa majibu. Hakuna aliyechukua kiberiti changu akaenda nacho moja kwa moja.

Nimekikumbuka kiberiti kwa sababu ya mdogo wangu wa kike. Ana mwaka wa tano sasa anaharisha damu. Miaka miwili ya mwanzo aliambiwa ni amiba, akameza Flagyl mpaka ulimi ukawa na ladha ya chuma. Kisha ikawa taifodi, kisha vidonda vya tumbo, kisha mama akaambiwa kuna mkono wa mtu. Hatimaye alifanyiwa kile kipimo cha kamera, na daktari akamweleza kwamba utumbo wake mpana umejaa vidonda, kwamba ugonjwa huu huja na kuondoka, kwamba dawa zipo za kuutuliza, si za kuung'oa. Alipofika nyumbani akanipigia simu. "Kaka, wewe si ndiye msomaji. Nisomee basi huu ugonjwa."

Nikasoma. Na katika kusoma nikajikuta nimerudi nyumbani, Singida, mwendo wa siku moja kutoka pale nilipobeba kiberiti.

Kaskazini ya mkoa wetu, katika wilaya ya Mkalama iliyokatwa kutoka Iramba mwaka 2012, kuna kijiji cha Munguli na vitongoji ambamo wanaishi Wahadzabe. Wengine wapo ng'ambo, kandokando ya Ziwa Eyasi, upande wa Manyara na Arusha. Wote kwa pamoja wanakadiriwa kuzidi elfu moja kwa kiasi kidogo tu. Sisi wakulima tulikuwa tukiwaita Watindiga, na tulilitamka jina hilo kwa namna ambayo leo naionea haya. Kwetu walikuwa watu wa porini, wala mizizi, wasio na shamba wala ng'ombe. Mtoto aliyekataa kuoga aliambiwa amekuwa Mtindiga.

Sasa sikiliza. Mwaka 2014 jarida la kisayansi la Nature Communications lilichapisha utafiti uliolinganisha choo cha Wahadzabe 27 na cha Waitaliano 16 wa mji wa Bologna. Matumbo ya Wahadzabe yalikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria, wakiwamo waliozoea kusaga nyuzinyuzi za mizizi. Tena walikosa kundi moja la bakteria ambalo Ulaya huhesabiwa kuwa rafiki mkubwa wa tumbo, hutiwa hadi kwenye mtindi, na afya yao haikuonekana kupungukiwa kitu kwa sababu hiyo. Mwaka 2017, katika jarida la Science, watafiti walieleza sampuli 350 za choo kutoka kwa Wahadzabe 188. Waliona jambo ambalo mtu wa kwetu angelielewa bila kipimo: tumbo linafuata majira. Masika, wakati wa asali na matunda ya porini, kuna bakteria wanaopungua mpaka hawaonekani; kiangazi, wakati wa nyama, wanarudi. Na kundi lile linalopotea na kurudi kwa Wahadzabe, kwa watu wa miji ya viwanda limepungua sana au halipo kabisa.

Mwaka 2023 ukaja utafiti mkubwa zaidi, katika jarida la Cell, wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao. Mhadzabe wa wastani alionekana kuwa na aina 730 za viumbe hao tumboni. Mtu wa California, 277. Katika kichwa cha makala yao wanawaita viumbe hawa "wanaotoweka."

Hili si jambo geni Afrika Mashariki. Daktari Denis Burkitt, yule wa Uganda ambaye saratani ya taya za watoto imeitwa kwa jina lake, baadaye alijikita katika choo. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vyao: choo cha mwanakijiji wa Uganda kwa siku kilizidi gramu 400; cha baharia wa Uingereza kilikuwa kama gramu 100, na chakula kilikaa tumboni mwake zaidi ya mara mbili ya muda. Kutokana na kazi hiyo dunia ilianza kuhubiriwa habari za nyuzinyuzi. Kila unapoona boksi la nafaka isiyokobolewa dukani, limeandikwa kwamba ni nzuri kwa tumbo, jua kwamba katika safari ya wazo hilo kuna mkulima wa Uganda aliyechuchumaa.

Na tiba? Ipo. Mwaka 2013 madaktari wa Amsterdam walitoa matokeo ya jaribio lao kwa wagonjwa wa kuhara sugu kunakoletwa na bakteria anayeshamiri baada ya antibayotiki kuua wenzake. Kundi moja lilipewa dawa ya kawaida peke yake: katika 13, walipona 4. Kundi jingine liliwekewa tumboni choo cha mtu mzima wa afya, kilichochanganywa na maji ya chumvi na kuchujwa: katika 16, walipona 13 kwa mara ya kwanza, na wawili zaidi baada ya kurudiwa. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Mwishoni mwa 2022 na tena 2023, Marekani iliidhinisha dawa za kwanza zilizotengenezwa kutokana na choo cha binadamu, ya pili ikiwa ni kidonge cha kumeza. Kwa ugonjwa wa mdogo wangu majaribio yapo, wengine wamepata nafuu na wengine hawakupata, bado si tiba ya kuandikiwa mtu. Nilimweleza hivyo hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo hao Wahadzabe wana kitu ambacho mimi sina?"

Swali lake ni la mgonjwa. Langu lilikuwa jingine, na ndilo lililonikalisha niandike. Mtu ana haki gani juu ya kitu alichokitupa?

Jibu la haraka ni kwamba hana. Kilichotupwa ni cha aliyekiokota. Lakini sisi wa Singida tunajua hadithi ya mashudu. Mkulima anapeleka alizeti kwenye mashine, anakamuliwa mafuta, anabeba dumu lake na kuondoka. Mashudu anayaacha palepale kama takataka. Kijijini kwetu ilikuwa hivyo kwa miaka. Kisha wakaja wafugaji wa kuku na malori yao, na mwenye mashine akawa anauza magunia. Siku wakulima walipojua bei ya mashudu, kulitokea ugomvi ambao mwenyekiti wa kijiji aliutatua kwa siku tatu. Mwenye mashine alisema kweli: "Mliyatupa." Wakulima nao walisema kweli: "Hatukujua." Kutupa kitu bila kujua thamani yake, mbele ya mtu anayeijua, si sawa na kukitoa.

Jibu la pili ni la wanasheria. Itifaki ya Nagoya ya 2010 inasema nchi na jamii wagawiwe faida inayotokana na mimea yao, wanyama wao na vijidudu vyao. Ila vitu vya asili vya mwili wa binadamu viliachwa nje ya makubaliano hayo. Sasa bakteria aliye ndani ya utumbo wa Mhadzabe ni nini? Angekuwa kwenye udongo wa Mkalama, ni mali ya asili ya Tanzania. Akiwa tumboni mwa mtu, huenda akahesabiwa kuwa sehemu ya mtu. Akishatoka tumboni na kuangukia udongoni, amekuwa nani? Unaweza kucheka, lakini mamilioni ya dola hupita kwenye nyufa ndogo kuliko hiyo.

Kusini mwa Afrika wameshapita njia hii. Wasani walikuwa wakitafuna mmea wa hoodia kutuliza njaa wakiwa mawindoni. Taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini ikasajili hataza, kampuni za nje zikanusa dawa ya kupunguza unene, na Wasani hawakuwamo kwenye karatasi yoyote mpaka makubaliano ya 2003, baada ya kelele nyingi. Kampuni kubwa baadaye ziliachana na mmea huo, na utajiri uliotarajiwa haukuja. Lakini Wasani walijifunza: mwaka 2017 walitoa kanuni zao wenyewe za maadili kwa yeyote anayetaka kuwatafiti. Wanadai heshima, ukweli, haki na kujali.

Jibu la tatu ndilo linaloniuma, maana ni langu. Mdogo wangu anaumwa. Kama kuna kiumbe asiyeonekana ndani ya choo cha mtu wa Munguli anayeweza kufunga vidonda vyake, mimi nataka apatikane kesho. Sitaki asubiri kikao. Nikiwa mkweli, ningekuwa na kiberiti mkononi ningekwenda mwenyewe. Yupo Mmarekani, Jeff Leach, aliyeandika mwaka 2014 kwamba akiwa huko Eyasi alijiwekea mwilini choo cha mwanamume wa Kihadzabe kwa bomba la jikoni. Watu walimcheka. Mimi sikuweza kumcheka sana.

Basi mwaka jana nilikwenda Mkalama kwa shughuli za msiba. Kwenye gulio nikamkuta mzee wa Kihadzabe anauza asali kwenye chupa za maji. Alivaa jezi ya mpira iliyochuja rangi, na simu ya tochi ikining'inia shingoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Asali?"

Nikanunua chupa mbili, tukakaa kivulini. Sijui nini kilinituma, nikamweleza. Nikamwambia nina mdogo wangu anaumwa tumbo. Nikamwambia wapo wataalamu wanaosema ndani ya matumbo ya watu wake kuna wadudu ambao huenda siku moja wakawa dawa. Hapo Kiswahili kiliniangusha. Kwetu "wadudu" tumboni ni maadui, ndiyo zahanati wanavyosema, "una wadudu." Nilijaribu "vijidudu," nikajaribu "bakteria," nikaishia kusema "wadudu wazuri," naye akanitazama kama mtu anayesema "mwizi mzuri."

Akacheka. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Nilidhani atauliza bei. Nilidhani atauliza nani alichukua na alilipa nini. Mimi ndiye niliyekuwa nimejaza kichwa hasira kwa niaba yake. Yeye akauliza: "Huyo mdogo wako, amepona?"

"Bado, mzee."

Akaingiza mkono kwenye ndoo, akanikatia pande la masega, akalifunga kwenye mfuko wa plastiki. "Hili la mgonjwa." Nilipotaka kulipa akasukuma mkono wangu. "Akipona, uje useme."

Nimekuwa nikilizungusha neno hilo tangu siku ile. Uje useme. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Utafiti umeugeuza usemi huu: mgeni anakuja, anachukua, na anayepona, akipona, ni mtu wa mbali sana. Hilo peke yake silioni kuwa dhambi. Ujuzi ukizuiwa kwenye mpaka, wa kwanza kufa ni wagonjwa wa nchi maskini. Sitaki Mhadzabe afunge choo chake kwa kufuli wala Serikali ikiwekee ushuru. Ninachosema ni kidogo kuliko hivyo, na nadhani ni kigumu zaidi. Anayetoa choo anastahili majibu. Zahanati ya kwetu, yenye hadubini moja ya kusuasua, iliijua kanuni hiyo.

Majibu ni nini basi? Kwanza ni habari yenyewe, kwa lugha ya aliyetoa. Tafiti zote tatu nilizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza. Mimi mwenye shahada nilizisoma kwa kamusi pembeni. Nakubali, vibali vya utafiti vipo, taasisi zetu huvikagua, mtu huombwa ridhaa kabla ya kutoa sampuli. Lakini ridhaa ni swali la mwanzoni, na majibu huja mwishoni, wakati kila mtu ameshapata alichotaka. Hapa na sisi waandishi hatuponi. Tunapenda kulalamika kwamba Kiswahili kinadharauliwa na sayansi, ila ni wangapi kati yetu tumeketi kutafuta neno la kumweleza mzee wa Munguli kilichomo tumboni mwake? Nilipokosa neno pale gulioni, aliyeshindwa hakuwa Mzungu.

Pili, majibu ni kuutazama mwili mzima wa aliyetoa, si ule upande unaotufaa. Tusidanganyane kwamba porini ni peponi. Waliochunguza maisha ya Wahadzabe kwa miaka mingi wamekadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watano hafikishi mwaka wa kwanza, na karibu nusu hawafiki miaka 15. Aina 730 za bakteria hazikuwazuia watoto hao kufa. Mgonjwa wa Ulaya anahitaji kitu kutoka kwa Mhadzabe, na mtoto wa Mhadzabe anahitaji vitu kutoka kwenye duka la dawa, vya kawaida kabisa. Kuweka mkono mmoja wa biashara hii na kuuacha mwingine ukining'inia, hicho ndicho nakiita wizi, hata kama fomu zote zimesainiwa.

Tatu, na hapa namgeukia ndugu yangu mkulima, majibu ni ardhi. Bakteria wale hawakushuka mbinguni. Wanalishwa na mizizi inayochimbwa, ubuyu unaopondwa, asali inayoliwa pamoja na masega. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, upande wa Mbulu, walipata hati za kimila za eneo linalozidi hekta 20,000. Ni jambo jema. Lakini mnunuzi anayenunua alizeti yetu haulizi ilipandwa kwenye pori la nani, na wala sisi hatuulizi. Sampuli zinaweza kukaa kwenye friji kwa miaka, kwenye baridi kali, na siku moja zikafufuliwa. Mbuyu hauwekwi kwenye friji. Wanaotoweka si bakteria peke yao, na anayewatoa si mtafiti mwenye kikopo. Mara nyingi ni mtu mwenye jembe, anayefanana sana na baba yangu.

Masega nilimpelekea mdogo wangu. Nilimweleza kwamba si dawa, ni zawadi, na aendelee na vidonge vyake. Akatafuna, akatema nta mkononi, akauliza ni ya nani. Nikamsimulia habari za mzee, mpaka kwenye lile neno la mwisho. Akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia muda mrefu. "Sasa kaka, nisipopona utaenda kusema nini?"

Sikumjibu palepale. Lakini nimeamua. Masika yanakaribia, na asali itakuwa gulioni. Mzee hakunidai dawa wala fedha, alinidai habari. Nitakwenda, nitamwamkia, nitakaa kivulini, nitamwambia mgonjwa wetu mwezi huu ameamka kutwa mara tatu badala ya kumi, kwamba damu imepungua ila haijakoma, kwamba ameyala masega yote bila kumpa hata mama. Kisha nitamsimulia wale 16 wa Amsterdam, na zile 730, polepole, kwa Kiswahili, nikitafuta neno jingine badala ya wadudu. Huenda yeye analo.